Ndani ya Boneti

Ilikuwa imelala nyuma ya banda la maziwa,
tairi zimeshuka kama soksi za mtoto,
trekta ya bustani, ndogo, ya silinda moja,
inanizidi umri kwa mwaka mmoja tu.

Kwetu Wisconsin wazee hawali chumvi.
Chumvi humwagwa barabarani Januari, barafu ilegee,
na chumvi ndiyo inayowala wao:
milango ya magari, bampa,
na bati la chini ya kiti hiki. Nimelisukuma kwa kidole,
kidole kikatokea upande wa pili.

Nikaanza na plagi. Ikakataa.
Nikaipa mafuta ya taa, nikaipa usiku kucha,
nikaipa maneno ambayo mchungaji Tollefsrud
hajawahi kuyasikia kinywani mwangu.
Siku ya tatu ikazunguka robo, ikalia kriii.
Kwenye kifuniko cha feni panya walishahamia:
nyuzi, manyoya, na kipande cha pakiti ya mbegu za maboga,
bado kinasomeka: *huvunwa baada ya siku mia na kumi*.
Yamepita miaka thelathini na ushei.

Duane wa duka la vipuri alinitazama juu ya miwani.
"Gasketi ya hiyo? Leland, hata aliyeiunda ameshaisahau."
Lakini akaingia stoo,
akakaa muda wa mtu kunywa vikombe viwili vya kahawa,
akarudi na bahasha ya vumbi, bei imeandikwa kwa mkono:
senti themanini.
"Basi nipe hizo hizo," akasema.

Kabureta niliichemsha jikoni, kwenye sufuria ya LaVonne.
Hilo ni shairi jingine.

Kisha msasa. Buluu ya juu ni ya baba,
masalia ya mlango wa ghala; unywele wa brashi bado umo.
Chini ya buluu, kijani.
Chini ya kijani, rangi ya siagi, iliyotoka nayo kiwandani.
"Haijawahi kuharibika," baba huwaambia watu,
kanisani, kwa kinyozi,
hata kwa daktari aliyemuuliza habari za moyo.
"Misimu ishirini na sita, sikuigusa kwa spana!
Kisha mwaka mmoja, theluji ilipoyeyuka, ikagoma tu,
bila sababu."

Nikageuza boneti nisugue na ndani.

Penseli. Penseli ya seremala, mwandiko ulioinamia kushoto,
ule wa orodha za duka na wa chupa za jemu:

*Oili, Mei 4.*
*Mkanda mpya, Juni 19, pesa ya mayai.*
*Plagi imesafishwa. A. yuko kwa Skaar, asijue.*
*Oili, Mei 7. Arvid anadhani inajibadilisha yenyewe.*

Nikazima redio. Nikakalia ndoo.
Ile harufu ya grisi kwenye aproni ya mama,
miaka yote nilidhani ni ya kumkumbatia baba.

Nje nimepaka rangi ya siagi, mara tatu.
Ndani sikugusa.

Jumapili ya mwisho ya Aprili nikamleta baba,
blanketi magotini, mashine za masikio zimewashwa.
Nikavuta kamba. Ikakohoa.
Nikavuta. Moshi, kisha pa, pa, papapapapa,
kuku wa jirani wakakimbilia chini ya gari.
"Nilisema mimi!" akapaza sauti. "Haijawahi kuniangusha!"

Nikaizima. Nikainua boneti.
Akainama, akapitisha kidole. "Mikwaruzo," akasema.
Miwani aliiacha kitandani.

Nikamsomea. Mistari yote arobaini na mmoja,
hadi ule wa Septemba, herufi zikitetemeka,
neno moja tu, *oili*, na tarehe
ambayo baada yake hakuna nyingine.

Injini ikawa inapoa: tik, tik.
Alikaa kimya hadi ikaacha.
Kisha akaniomba nirudie
ile ya Mei saba.